Trela Niliyoichagua Changamwe

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa kijana wa miaka ishirini na sita, nimesimama mikono kiunoni katika uwanja wa vyuma vikuukuu kule Changamwe, njia ya kushukia Kipevu, nikichagua trela ya boti kwa macho matupu. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, kwa sababu siku hiyo nilitumwa kama mtu mkubwa na nilitaka nionekane hivyo. Mabaya yote niliyokuja kuyafanya baadaye yalianzia katika uwanja ule.

Juzi umenitumia picha tatu za trela kwa simu. Umeniambia wewe na wenzako mmenunua boti ya mwendo, ile ya kuvuta watu wanaoteleza juu ya maji kwa ubao, na sasa mnatafuta trela ya kuibebea baina ya Likoni na Kisauni. "Babu, tuchagulie," ukasema, "wewe ndiwe mjuzi." Nikakujibu nipe siku mbili. Najua mlicheka, mkasema mzee haoni picha. Picha naziona. Ila kila nikitazama trela namkumbuka mtu mmoja aitwaye Mzee Katana, na siwezi kukujibu habari ya trela kabla sijakueleza habari yake.

Wakati huo nilifanya kazi kwa Bi. Zuhura, mama wa Mtongwe aliyeachiwa karakana ya boti na mumewe, akaiendesha vizuri kuliko marehemu mwenyewe. Alikuwa na boti moja ya faiba, nyepesi, rangi ya maziwa, na wageni walijifunza kuteleza nayo katika hori, mkono wa bahari uliotulia, upande wa Kisauni. Boti ikifanya kazi kule, ikirudi Mtongwe kutengenezwa, na katikati pana feri, kisiwa kizima na daraja la Nyali. Tulikuwa tukiazima trela za watu, na mwenye trela akiihitaji siku ile ile unayoihitaji wewe, boti inalala kwenye maji chumvi ikiila. Bi. Zuhura akaamua anunue yake. Akanituma mimi nikachague, na Mzee Katana afuatane nami apime.

Mzee Katana alikuwa fundi seremala, mtu wa Kaloleni, mzee wa kanisa, umri wake karibu sitini. Alikaa Kiembeni, akivuka feri kila alfajiri kuja Mtongwe, na katika miaka kumi na mmoja sijasikia siku aliyochelewa. Alianza na mbao. Faiba ilipoingia akajifunza nayo polepole, mpaka ikawa hakuna boti iliyoingia karakana yetu ambayo mkono wake haukupita chini ya tumbo lake. Hata ile boti yetu iliwahi kukwaruza mwamba, na kiraka kilichokuwa chini yake alikiweka yeye.

Na mimi nilikuwa nani? Mimi ni mtoto wa Mtongwe, na babu zangu ni watu wa vyombo tangu na tangu. Nilikua nikisikia kwamba bahari ni yetu, na watu wa kule juu bara, kama Kaloleni, kazi yao ni minazi na mihogo. Hakuna aliyenikalisha chini akanifunza dharau hiyo. Niliinywa pamoja na chai ya asubuhi, nyumbani, kwa watu niliowapenda. Kiburi si maungwana, mwanangu, lakini sisi tulidhani ndicho uungwana wenyewe.

Uwanjani palikuwa na trela mbili za kufaa. Ya kwanza iling'aa. Chuma chake kilipakwa zinki, na juu yake zilipangwa rola za mpira, safu mbili, nyeusi tititi. Nikaisukuma moja kwa kidole, ikazunguka yenyewe kwa muda mrefu. Ya pili ilikuwa na sura mbaya. Kutu ilikuwa juu juu, gurudumu moja halina upepo, na badala ya rola ilikuwa na mbao mbili ndefu zilizovikwa zulia, zulia lenyewe limechanika na mijusi imefanya makao ndani. Ilikuwa na ekseli mbili na breki zake zenyewe, lakini hayo sikuyatazama. Niliyaona baadaye sana, wakati kuyaona hakunisaidii kitu.

Sasa sikiliza kosa langu, maana ni kosa ambalo mtu asiyezaliwa pwani asingelifanya. Sisi huku chombo tunakipandisha pwani kwa magogo. Chombo kina mkuku, ule mti mnene wa chini unaokishika chote, na mkuku ukikaa juu ya gogo, gogo likizunguka, chombo kinapanda. Nilipokuwa mdogo kazi yangu ilikuwa kulitoa gogo la nyuma na kukimbia nalo mbele. Basi nilipoziona zile rola, moyo wangu ulisema haya ndiyo magogo yetu, ila yametengenezwa na wajuzi. Sikukumbuka kwamba boti ya faiba haina mkuku. Uzito wote umo tumboni, na tumbo lenyewe si nene kupita kidole changu.

Mzee Katana alilijua hilo. Alikuja na vigezo vitatu vya plaiwudi alivyovikata mwenyewe kwa kufuata tumbo la boti yetu: kimoja cha mbele, kimoja cha kati, kimoja cha nyuma. Akaviweka juu ya zile mbao zenye zulia bovu, na vikalala pa! bila mwanya. Akavileta kwenye trela yangu inayong'aa. Plaiwudi ikagusa rola hapa na pale, na kwingine kote mwanga ulipita chini yake. Akaniita nitazame.

"Athumani," akasema, "boti hii yataka kulala. Hapa juu ya rola itakuwa kama mtu aliyelazwa juu ya mawe. Siku moja atavumilia. Mwezi mzima atavunjika mbavu."

Alisema kwa sauti ya chini, baina yetu wawili. Lau ningelijibu kwa sauti ile ile, leo nisingekuwa na kisa cha kukusimulia. Lakini palikuwa na watu karibu: mwenye uwanja, wachomeleaji wake wawili, na madereva wa malori ya Kipevu waliokuwa wakinywa chai wakisubiri mizigo yao. Niliona wanatusikiliza, na niliona aibu kufunzwa chombo mbele yao na fundi seremala. Nikapaza sauti.

"Mzee Katana, nyinyi kwenu Kaloleni bahari mwaiona mkipanda mnazi. Mimi nimezaliwa ndani yake. Wacha kunifunza vyombo."

Wakacheka. Dereva mmoja alicheka mpaka chai ikammwagikia. Nami nikacheka, nikijiona nimesema neno tamu. Waliosema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi walinijua kabla sijazaliwa.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mzee Katana aliinama. Alivikusanya vigezo vyake, akavifuta vumbi kimoja kimoja, akavitia kwapani. "Haya," akasema, "wewe ndiwe uliyetumwa kuchagua." Tukaichukua trela ya rola, na njia nzima mpaka Mtongwe nilikuwa napiga mluzi.

Bi. Zuhura alitupokea mlangoni pa karakana, mafundi wote wapo. Akaizunguka trela, akaisifu, kisha akamgeukia Mzee Katana. "Na weye, Mzee, waionaje?" Kabla hajafungua kinywa nikajibu mimi. "Tumeafikiana sote wawili, Bi." Mzee Katana akanitazama, akatazama chini. Ningelikuwa na akili ningelijua kuwa pale alinistiri, maana angeweza kunikanusha mbele ya kila mtu. Mimi niliona nimeshinda.

Miezi ya kwanza trela ilinipa jina. Boti ilishuka majini kwa mkono wa mtu mmoja, ukiifungua tu inateleza yenyewe, na wageni walinipigia makofi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kila wiki mbili tuliivusha kwa feri, na unajua ule mteremko wa feri ulivyo: trela inapanda, inadunda, inashuka tena upande wa pili. Kila ikidunda, tumbo la boti lilipigwa pale pale penye rola. Mwezi wa nne, nikiiosha kwa maji matamu, niliona mstari mwembamba chini, shubiri moja kutoka kwenye kiraka cha Mzee Katana. Nikaupitisha ukucha. Ukucha ukaingia.

Nilijua mara moja ni ufa, na nilijua umetoka wapi, maana rola ilikuwa chini yake kabisa. Mwanangu, nataka ujue kwamba sikudanganyika. Watu wengi hufanya mabaya kwa kutojua, na hao Mungu anawajua. Mimi nilijua. Nilichofanya ni kwenda kwa fundi wa bodi za magari pale Likoni, nikamwomba fila kidogo kwenye kikopo, ule udongo wa kuzibia mabati, nikaupaka ule mstari, nikausugua kwa msasa, nikatia rangi ya maziwa juu yake. Sikumwambia mtu. Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliuziba, na ukuta nikaujenga vilevile, kwa sababu niliuziba usionekane, sikuuziba upone.

Wiki tatu baadaye, Jumapili, nilikuwa naiendesha boti horini na wageni wanne ndani. Nilihisi maji kwenye vidole vya miguu. Nilipotazama nyuma yalikuwa yamefika kwenye mashine. Nikaielekeza boti kwenye mikoko kwa nguvu zilizobaki, ikakwama matopeni, ikaketi chini maji yakiifunika mashine. Wageni walitoka kwa miguu, wamevaa maboya yao, matope mpaka magotini, na mama mmoja akilia kwa hofu. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Lakini wangeweza kuwa katikati ya hori, na mmoja wao hajui kuogelea.

Kesho yake asubuhi boti ilikuwa karakana, imeinuliwa, na mafundi wote wamesimama kuizunguka. Ule mstari wangu ulikuwa umefunguka, umekwenda mpaka ukaingia ndani ya kiraka. Fila ilikuwa imeoshwa na maji na haikubaki hata alama. Bi. Zuhura aliinama akatazama.

"Kiraka hiki cha nani?"

"Changu, Bi.," akasema Mzee Katana.

"Basi kimeachia."

"Hakikuachia, Bi. Ufa haukuanza kwenye kiraka. Umeanza hapa." Akaweka kidole penye alama ya rola. Kisha akanigeukia, uso wake umetulia. "Athumani ndiye anayeishusha na kuipandisha kila siku. Muulize yeye kama aliona kitu hapa."

Alikuwa amenifungulia mlango, mwanangu. Hakunishitaki. Aliniachia mimi niseme mwenyewe, kwa heshima yangu. Watu wote wakanitazama. Nilifikiria kazi yangu, nilifikiria jina la nyumba yetu Mtongwe, nikafikiria itakuwaje nikiambiwa mtu wa Kaloleni ndiye aliyekuwa sahihi.

"Sikuona," nikasema.

Neno moja tu, na kazi ya mtu ya miaka kumi na mmoja ikaondoka nalo. Bi. Zuhura hakumtukana. Alimwambia, "Mzee, macho yako yamechoka. Watu wangekufa. Kapumzike nyumbani." Mzee Katana akaingia ndani, akatia randa yake na tezo zake kwenye gunia, akatoka, akatuaga kwa mkono mmoja mmoja. Nami akanipa mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na mzito, na nilitamani ardhi inifungukie.

Siku tano chakula kilinikataa. Mafundi walikuwa wakisema, "Maskini mzee, kaanza kuzeeka," na mimi nikaitikia. Yule mtu asiyechelewa, anayevuka na feri ya kwanza, sasa jina lake Mtongwe ni mzee aliyetia watu majini kwa kiraka kibovu. Ataajiriwa na nani tena? Siku ya sita, Jumamosi mchana, nikapanda gari mpaka Kiembeni.

Nilimkuta nyuma ya nyumba yake, anapiga randa kitanda cha jirani. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, Athumani. Karibu." Akaniwekea kigoda. Mkewe akaniletea muhogo wa nazi, na nilipotaka kusema, Mzee akainua mkono: "Kula kwanza." Nikala muhogo ule kwa tabu kubwa kuliko dawa. Nilipomaliza nikateremka kwenye kigoda, nikashika magoti yake, nikamwambia yote: fila, rangi, lile "sikuona". Nililia, wala sioni haya kukwambia. Nikamwomba radhi.

Alininyanyua, akanikalisha. Kisha akaniuliza kama mwalimu anayemuuliza mtoto hesabu.

"Athumani, ulinitukana wapi?"

"Changamwe."

"Mbele ya nani?"

"Watu wa pale uwanjani. Na madereva."

"Na neno lile la kuwa hukuona, ulilisema wapi?"

"Karakana. Mbele ya Bi. Zuhura na mafundi."

"Na leo unaniomba radhi wapi?"

Nikatazama huku na huku. Palikuwa na kuku, vumbi la mbao na kamba ya kuanikia nguo. Hata mkewe alikuwa ndani jikoni, hatusikii.

"Mimi moyoni sina neno nawe," akasema. "Ungekuwa mwanangu wa kuzaa ningekupiga, kisha ningekusamehe. Lakini kwetu, mwanangu, mtu akikuvunjia heshima uwanjani hairudishi kwa mlango wa uani. Radhi unayoitaka haiko hapa. Moja umeiacha Mtongwe, moja umeiacha Changamwe. Nenda ukazichukue huko huko."

Nikasema, "Watu wa Changamwe hata hawakujui jina, Mzee. Wala mimi hawanijui."

"Ndiyo," akasema, "lakini walicheka." Akarudi kwenye randa yake.

Jumatatu, saa ya chai, mafundi wamekaa kwenye mabenchi na Bi. Zuhura yuko kwenye meza yake, nilisimama katikati ya karakana nikasema. Niliisema habari ya vigezo vya plaiwudi, nikasema hatukuafikiana, nikasema nilivyoupaka ufa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilitaka nijiumbue mwenyewe kabla yake. Niliifikisha habari yangu mpaka mwisho. Bi. Zuhura hakuinua sauti. "Boti ntapata nyengine," akasema. "Mzee wa watu nimemtoa kazini kwa ulimi wako weye. Inuka, twende Kiembeni sasa hivi."

Alikwenda mwenyewe, akamwomba Mzee Katana radhi mlangoni, majirani wakisikia, na kesho yake tukarudi kazini sote. Sikufukuzwa. Adhabu yangu ilikuwa kuwekwa chini ya mkono wa Mzee Katana, nimshikie mbao na kumchanganyia dawa za faiba, miaka miwili. Kazi ya kwanza tuliyoifanya ilikuwa kuzing'oa zile rola na kuitia trela yangu mbao ndefu zenye zulia, zinazolifuata tumbo la boti toka mbele mpaka nyuma. Alinifundisha kila ninachokijua. Hakunikumbusha hata siku moja nilichomfanyia.

Ungedhani kisa kimekwisha hapo, na wengi ninapowasimulia huishia hapo, maana hapo naonekana mwema. Bado Changamwe.

Nilijiambia nitakwenda. Kwanza nikasema kazi ni nyingi. Kisha nikasema wale ni wapita njia, watanicheka, watadhani nina wazimu: mtu mzima anakuja kusema kwamba siku fulani alimtania mzee. Siku moja tulitumwa Kipevu na pikapu kuchukua mzigo, mimi naendesha, Mzee Katana pembeni yangu. Tulipofika pale uwanjani lango lilikuwa wazi. Nilimwona mwenye uwanja, nikawaona wale wachomeleaji wake, na madereva kama kawaida na vikombe vyao. Ilikuwa ni kukanyaga breki tu. Nikapunguza mwendo. Mzee Katana hakunitazama. Alikuwa akitazama mikono yake mapajani. Nikasema moyoni, kesho, nikiwa peke yangu, na nikaongeza mafuta tukapita. Alishusha pumzi kidogo, kisha akaniuliza habari za mama yangu.

Hiyo kesho, mwanangu, haikuja. Mzee Katana aliacha kazi akarudi kwao Kaloleni, na miaka michache baadaye tukaletewa habari kuwa amefariki. Tulikwenda kumzika. Watu walikuwa wengi, na kila aliyesimama kusema alisema juu ya mikono yake. Nilitaka kusimama na mimi. Nikakumbuka kwamba deni langu haliko Kaloleni, na kulisema pale ingekuwa tena kupitia mlango wa uani.

Kurudi tulishukia njia ya Mazeras, na tulipofika Changamwe nikawaomba wenzangu waniteremshe. Nilikwenda kwa miguu mpaka uwanjani, nimekwishayapanga maneno yangu. Uwanja haukuwepo. Palikuwa na ukuta mrefu, na nyuma yake makontena yamepandana mpaka yameziba mbingu. Lango la chuma, na askari mmoja kijana ameketi kwenye kiti cha plastiki.

"Unamtafuta nani?" akaniuliza.

Sikuwa na jina la kumpa. Wale watu sikuwahi kuwauliza majina yao, niliwataka kwa kicheko chao tu. Nikamwambia yule askari, "Hapa nilimtukana mzee wa watu, nami nilikuwa nimekosa, na yeye alikuwa sahihi." Alinitazama kwa huruma, akasema, "Sawa, bwana. Lakini hapa si pa kusimama." Nikaondoka. Na hiyo ndiyo radhi moja ambayo mpaka leo sikuipata, na sitaipata.

Basi sasa nakujibu swali lako. Katika zile picha tatu, hiyo ya kwanza yenye rola iacheni, hata kama inang'aa na hata kama muuzaji anawaapia. Boti yenu ni ya kulala, siyo ya kusimama. Itafuteni ambayo mbao zake zinalifuata tumbo la boti, na muache nafasi chini ili rafadha isiguse chuma. Msipime uzito wa boti tupu kama ilivyoandikwa kwenye karatasi. Ipimeni ikiwa na mafuta, mashine, mbao zenu za kutelezea na yale matangi ya maji mnayoyajaza ili mawimbi yawe makubwa, maana siku ya safari mtasahau kuyamwaga. Trela iwe na breki zake yenyewe, kwa sababu ya mteremko wa feri: pale mbele yako na nyuma yako kuna watu wanatembea kwa miguu na watoto mgongoni. Na kila ikitoka baharini iosheni kwa maji matamu, mtie grisi magurudumuni siku hiyo hiyo. Ile picha ya tatu, yenye kutu, ndiyo ningeanza kwayo, lakini mimi nimeiona kwa simu tu. Nendeni na fundi wenu anayeitengeneza hiyo boti, yule kijana aliyetoka Kakamega mnayemwita majina ya utani. Mimi nimekusikia ukimwita. Akiweka mkono chini ya trela na kukwambia hapana, teremsha sauti yako kabla hujamjibu.

Na hili ndilo kubwa kuliko trela. Ukimvunjia mtu heshima mbele za watu, rudi pale pale, mbele ya wale wale, haraka, watu wangali na vikombe mkononi. Usingoje mpaka uwe peke yako, wala usingoje mpaka uwe na ujasiri. Mwenye kukosewa anaweza kukusamehe siku ya kwanza, kama alivyonisamehe yeye; lakini mahali hapana moyo wa kukungoja. Watu huondoka, uwanja hujengwa ukuta, na wewe unabaki na maneno mazuri uliyoyapanga na huna wa kumwambia.

Mungu akujaalie, mwanangu, chombo kinacholala vizuri na mkono wa fundi wa kuaminika. Akupe ulimi mzito wa kudharau na mwepesi wa kusema nimekosa. Na siku utakayokosea, kwa maana utakosea, akukutanishe na lango likiwa wazi, na akupe mguu wa kukanyaga breki.